Kibanda Nasema Mimi

(Mazungumzo niliyoyatoa hapa Mwanza mbele ya wenyeviti wa mitaa, watendaji na watangazaji wa redio. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, ndugu watendaji, nanyi watangazaji ambao sauti zenu nazijua kuliko sura zenu, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumze dakika 30 juu ya lugha ya makazi. Shamba hilo ni kubwa, na jembe langu limeshastaafu. Nitalima tuta moja tu. Tuta lenyewe ni neno kibanda.

Nilipoajiriwa ualimu mwaka 1987 nilipanga chumba Mabatini, kule juu mlimani ambako ndoo ya maji ikifika imeshapungua robo. Chumba kilikuwa na kuta tatu. Ya nne ilikuwa jiwe, jiwe lenyewe la Mungu. Fundi alilisogelea na tofali zake za tope, akakomea hapo. Wakati wa kiangazi lile jiwe lilikunywa jua mchana kutwa, usiku likakurudishia. Saa sita za usiku ukiliwekea kiganja lilikuwa bado na joto la chapati. Masika maji yalipita nyuma yake, yakaibukia chini ya kitanda, yakakatiza sakafu kama kimfereji. Mama mwenye nyumba alishalifikiria hilo kabla yangu: alitoboa tundu chini ya ukuta wa mbele ili kimfereji kiende zake. Siku ya kwanza alinionyesha tundu hilo kabla hata ya kunionyesha choo. "Hapa usiweke viatu," akasema. Kodi ya pango nililipa kila mwezi. Najua pango hilo linatokana na kupanga, lakini kwa chumba kile ningekubali maana zote mbili.

Basi nikawa nawaambia walimu wenzangu, "Siku moja mfike kibandani kwangu." Wakafika wawili. Walikula ugali na dagaa, wakakunywa chai, wakalishangaa jiwe. Jumatatu yake nikiwa nje ya ofisi ya walimu nikamsikia mmoja akimsimulia mwingine: "Kumbe jamaa anakaa kwenye kibanda." Hakudanganya. Neno lenyewe nilimpa mimi. Lakini nilikasirika, na mpaka shule inafungwa salamu yetu ilikuwa ya kutikisa kichwa.

Tangu hapo nimelitafuna jambo hili. Ukifungua kamusi utaambiwa kibanda ni nyumba ndogo, hafifu, ya miti na majani au mabati. Ni sawa kabisa. Kamusi haikosei, ila haikwambii nani anasema.

Mtazameni tajiri wa hapa aliyemaliza kujenga Capri Point. Bati la msauzi, geti la umeme, vigae mpaka uani. Atakwambia nini? "Nashukuru Mungu, nimepata kibanda cha kujisitiri." Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hakukaribishi kwenye "jumba langu." Akisema hivyo tutajua amelewa, au anagombea. Na wewe mgeni una wajibu wako, lazima ukatae: "Aa, kibanda gani hiki! Hii nyumba, bwana." Ukinyamaza umeharibu. Ukiitikia, "Ndiyo, nakiona," urafiki umeishia getini.

Sarufi nayo inatuchezea. Nyumba ukiikuza inakuwa jumba, na jumba ni sifa. Kibanda ukikikuza unapata banda, na banda ni la ng'ombe, la kuku, la kuhifadhia mbao. Yaani mwenye nyumba akipanda anapata jumba, mwenye kibanda akipanda anapata zizi. (Jumba nalo lina siku zake mbaya. Mtu akibebeshwa kosa la wengine tunasema kaangushiwa jumba bovu. Sijamsikia aliyeangushiwa kibanda kibovu. Nadhani uzito hautoshi.)

Kuna mahali neno hili halina aibu hata chembe. Waziri akifika kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo anazungushwa banda kwa banda, anasaini vitabu vya wageni, na hakuna mkurugenzi anayelalamika kwamba taasisi yake imeitwa banda. Kibanda cha chipsi, kibanda cha wakala, kibanda cha mlinzi, hayo ni majina ya kazi. Kibanda umiza, kule tulikobanana kwenye mabenchi kutazama mpira jasho likitutoka, jina lake tulilitunga wenyewe tuliokuwa tukiumia. Ugomvi unaanza pale mtu anapolala ndani, na neno likatoka kwa asiyelala humo. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Ni ila, kasoro, ingawa wengi siku hizi wanatamka hila.

Sasa niwasimulie lililonifanya nikubali kuja hapa.

Yule mama mwenye nyumba wa Mabatini nilimwita mayu, kama mnavyowaita mama zenu hapa Usukumani, na aliendelea kuwa mayu hata nilipohama. Miaka mingi baadaye ukapita mradi, siutaji, uliotaka kupenyeza njia katikati ya zile nyumba za mlimani. Akaja kijana mwenye kofia ngumu na fomu zake. Mayu akamtolea kigoda, akamwambia anachomwambia kila anayebisha hodi: "Karibu mwanangu, karibu kibandani kwangu." Kijana akakaa, akanywa maji, akashukuru, akaandika. Penye aina ya jengo akaandika: kibanda.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa uvivu au ulikuwa utiifu wa kupitiliza. Pengine alidhani ni adabu kuandika maneno ya mhusika kama yalivyo. Majina yalipobandikwa nje ya ofisi, jengo la mayu lilikuwa limeorodheshwa kama kibanda, na mbele yake wameongeza: jengo la muda. La muda! Lilikuwa na vyumba vinne, msingi wa mawe, na umri wa zaidi ya miaka 30. Wajukuu wawili walizaliwa mle ndani kabla gari la kuwapeleka Bugando halijapatikana.

Nilimsindikiza kwenda kuuliza. Afisa aliyekuwepo alikuwa mtu mpole, akaitoa fomu, akaisoma, akamtazama mayu kwa huruma kabisa. "Lakini mama, si wewe mwenyewe ulisema kibanda?"

Mayu akakaza mtandio wake kichwani. "Kibanda nasema mimi," akajibu. "Wewe andika nyumba."

Ndugu watendaji, hapa sizungumzii heshima peke yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka mtu anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni zake za mwaka 2001 zinachambua fidia hiyo: thamani ya kilichoendelezwa juu ya ardhi, posho ya usumbufu, usafiri, hasara ya faida kama ulikuwa na biashara, na posho ya makazi. Hiyo ya mwisho hupigwa kwa kodi ya soko ya jengo lile mara miezi 36. Sasa jengo likishaandikwa kana kwamba ni la kufugia kuku, miezi 36 unaitetea wapi? Mthamini anafuata kilichoelezwa kwenye karatasi. Msingi wa mawe haujiandiki wenyewe, na neno moja la ukarimu lililonaswa kwa kalamu linaweza kula vyumba viwili.

Fomu ilirekebishwa baada ya safari tatu. Safari ya tatu tulikwenda na picha, nilizipiga mimi nikiwa nimelala kifudifudi kwenye kokoto ili mawe ya msingi yaonekane vizuri. Ule mradi mwishowe ulichukua jiko na choo tu, nyumba ikabaki.

Kutoka nyumba moja twende mtaa mzima, ingawa hapa nitapita haraka. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Kisumu na Kenya kwa jumla, wana jina lao: mtaa wa mabanda. Linatumika hadi kwenye taarifa ya habari ya saa moja, na Mkenya halioni ajabu. Kwetu halikushika. Sisi tuna uswahilini, ambalo vijana wamelikata likawa uswazi. Mnajua lilikotoka. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi: uzunguni kwenye upepo, uhindini kwenye maduka, uswahilini kwa waliobaki. Wazungu wakaondoka, wenye vyeo wakahamia kwenye upepo, na siku hizi tunapaita ushuani. Uswahilini likabaki palepale, likabeba maana ya uchochoro, maji machafu na kelele za jirani. Fikirini hilo kidogo. Lugha ninayowahutubia kwayo ndiyo tuliyoifanya jina la mfereji ulioziba. Hata hivyo mtoto wa huko akipanda jukwaani anapiga kifua, "Mimi mtoto wa uswazi!" na ukumbi unashangilia. Akitamka hivyo aliyekulia ushuani, watu wanaangaliana.

Geto limesafiri mbali zaidi. Lilianzia Venice, Italia, mwaka 1516, Wayahudi walipoamriwa waishi eneo moja lenye mageti yanayofungwa usiku. Likaenda Marekani likawa mitaa ya watu weusi, likaja kwetu ndani ya muziki. Ajabu ni kwamba lilipofika hapa lilinywea. Kwa Mkenya geto bado ni mtaa. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma Malimbe geto ni chumba chake kimoja Nyegezi, godoro chini, jiko la gesi mlangoni, na hakuna mahali duniani anapopapenda zaidi. "Njoo geto" ni mwaliko.

Tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, nalo limepanda na kushuka. Leo mwandishi akitaka kueleza umaskini wa kijiji cha bara anaandika "nyumba za tembe." Lakini katika karne ya 19 tembe la Tabora lilikuwa la tajiri wa msafara, kuta nene na ua mpana. Lile la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872 sasa ni makumbusho. Udongo ni uleule.

Yapo na maneno ambayo wanaojenga wenyewe wameyaunda, na hayo nayapenda kwa sababu yana macho. Nyumba ya mbavu za mbwa: fito zimefungwa, udongo haujakandikwa au umebanduka, mifupa inahesabika. Nyumba ya fulusuti: paa na kuta kitu kimoja, nyasi juu mpaka chini au bati juu mpaka chini, kama mtu aliyeshonewa koti na suruali kwa kitambaa kile kile. Hayo yanakuchekesha na yanakuambia ukuta ukoje. Kibanda halikuambii ukuta ukoje. Linakuambia msemaji anakuonaje.

Fulusuti nilizijulia visiwani. Mwaka 2012 nilikuwa karani wa sensa, nikapangiwa kambi ya wavuvi wa dagaa upande wa Ukerewe. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia tarehe 26 Agosti, na mwezi ulikuwa unakua. Mpevu wake uliangukia tarehe 31. Wavuvi mlioko hapa mnacheka kwa sababu mnajua shida niliyokuwa nayo. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina kazi, na kambi nzima inafunga virago kwenda kuwaona watoto. Kwa hiyo nilikuwa nakimbizana na mbalamwezi, dodoso mkononi, kuwahi watu kabla mtumbwi haujawachukua.

Nikaingia kwa kijana mmoja. Nguzo nne za miti, turubai upande wa ziwa, nyasi upande wa pili. Kitanda cha fito kimeinuliwa kutoka mchangani kwa mawe. Juu ya kitanda redio, taa mbili za kuvulia na dumu. Harufu ya dagaa walioanikwa nje iliingia kama mwenye nyumba. Nikamuuliza maswali ya paa, kuta, sakafu, akajibu yote kwa utulivu. Kisha nikajisahau, nikauliza kama mwalimu: "Na nyumba hii umeijenga lini?" Akanitazama kana kwamba nimemkosea. "Nyumba iko Sengerema, mwalimu. Hapa nalala."

Neno la zamani la kambi kama ile lipo, ni dago. Watu wa pwani walikuwa wanalitumia, kamusi bado zinalo, na sijui kwa nini tumeliacha lilale huko wakati ziwa limejaa vitu vinavyoitwa hivyo. Mtu mwenye dago ana nyumba mahali pengine. Kumwambia kwamba anaishi kwenye kibanda ni kumnyang'anya ile ya Sengerema. Hapo naomba nisieleweke vibaya: kambi nyingi hazina choo, na kipindupindu kikiingia hakiulizi nyumba yako halisi iko wapi. Bwana afya ana haki ya kupiga kelele. Apige kelele juu ya choo.

Ndiyo maana ninyi watangazaji nawaomba jambo moja la kazi. Mvua ikiporomosha jiwe Igogo au Bugarika, mkakimbilia huko na kinasa sauti, acheni kusema "vibanda kadhaa vimebomoka." Semeni mlichokiona. Sensa haikuwahi kuniagiza niandike kibanda, wala ile ya mwaka 2022 haikuwaagiza makarani waliotufuata. Tuliulizwa ukuta ni wa nini, paa la nini, sakafu ya nini, maji mnachota wapi, choo kikoje, nyumba ni yenu au mmepanga. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, nalo halianzi na neno la dharau. Linatazama mambo matano: kama nyumba ni imara, kama chumba kimoja kina watu zaidi ya watatu, kama maji salama yapo, kama choo kipo, na kama mtu ana uhakika wa kutofukuzwa alipo. Kaya ikikosa hata moja tu inahesabiwa kuwa inaishi katika makazi duni. Kwa kipimo hicho kuna ghorofa mjini hapa zingetushangaza, na kuna nyumba za tope zenye hati mkononi ambazo zingepita mitihani minne kati ya mitano.

"Familia ya watu saba, vyumba viwili vya tofali za tope, jiwe limeangukia chumba cha watoto, watoto walikuwa shuleni." Sentensi hiyo haina kibanda ndani yake, na msikilizaji wa Magu ameona kila kitu. Akitaka mwenye nyumba kusema kibanda kwenye kinasa sauti chako, mwache aseme, usimkate. Ni lake. Ila ukirudi studio usilichukue ukalifanya la kwako.

Wenyeviti, kwenu nina dogo zaidi. Mtu wa fomu akija mtaani, tembeeni naye. Mkisikia bibi anasema karibu kibandani, mgongeni kijana bega kabla kalamu haijagusa karatasi.

Jana jioni nilipanda Mabatini kumjulia hali mayu, maana umri umekwenda na magoti hayataki tena ngazi. Nikamwambia kesho naenda kuwasimulia watu habari za fomu yake. Akacheka, kisha akauliza, "Hao watu wana kalamu?" Nikamwambia wanazo, na vinasa sauti pia.

"Basi wakitaka kufika," akasema, "waambie karibu nyumbani."